Mwaka Niliopima Maji ya Moto

Jana asubuhi nilibeba ndoo mbili za maji ya uvuguvugu ya kumwoshea mwanamke ambaye mimi ndiye niliyesababisha afukuzwe kazi, kwa tuhuma za kuiba maji ya moto. Hakuna aliyenituma kuzibeba. Nilifika msibani, Mchikichini, saa moja asubuhi, nikakuta wanawake wamekwisha kuinjika sufuria kubwa uani juu ya jiko la mkaa. Mmoja alikuwa akichovya kiwiko kupima joto, mwenzake akimwambia, "Ongeza ya baridi, usije ukamuunguza bibi wa watu." Nikaomba ndoo. Mlangoni mwa chumba walikuwa wametungika kanga, na nyuma ya kanga kulikuwa na harufu ya karafuu maiti na mlio wa maji yanayomiminwa polepole kwa kata. Niliziweka ndoo kizingitini, mkono ukatoka kuzipokea, nikarudi uani. Habari ya kifo niliipata juzi kwenye grupu la simu la wanafunzi wetu wa zamani: Bi Mwanaidi wa jikoni hatunaye. Chini yake wasichana wangu, ambao sasa ni wake za watu na wakubwa wa ofisi, waliandika kuhusu uji wake, kuhusu maharage yake ya nazi, kuhusu alivyokuwa akiwagombeza wakibakiza ukoko. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta atakayeyataja yale maji. Hakuwapo, na hilo halikunifariji. Nilijiuliza kama wamesahau, au wanajua kwamba nami nimo kwenye grupu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya wa fizikia katika shule ya wasichana iliyobanwa kati ya maduka ya vitambaa, Mchafukoge. Jengo lilikuwa na ghorofa tatu. Chini jiko na bwalo, kati madarasa, juu bweni la wasichana themanini. Nyuma yake kulikuwa na kichochoro chembamba kiasi kwamba ukisimama kwenye mlango wa jiko ungeweza kusikia jirani wa ng'ambo akisukutua. Chumba cha walimu, ghorofa ya kati, kilikuwa na dirisha moja lililotazama kichochoro hicho, na meza yangu, kwa kuwa nilikuwa mgeni, iliwekwa hapo, kwenye harufu ya vitunguu na masizi. Ndiyo maana nilijua mambo ya jikoni kabla sijayajua ya darasani. Maji ya moto ya shule yalitoka kwenye boila kuukuu la umeme lililonguruma chini ya ngazi. Lilikula umeme mchana kutwa, na bado Bi Mwanaidi alilazimika kumalizia kazi kwa mkaa, kwa sababu maji yalimfikia yakiwa hayawezi hata kulainisha unga wa uji. Wafadhili wakakubali kuliondoa boila na kuweka hita za jua juu ya paa. Wakatoa sharti moja. Kwa mwaka mzima mtu apime joto la tangi, kwa kipimo kilichoshushwa chini ya ngazi, na asome mita ya maji ya moto iliyo pembeni yake, asubuhi kabla jiko halijaanza na jioni likishafungwa, ili ionekane kama kweli umeme na mkaa vinapungua. Ikionekana, wangejenga na jiko jipya. Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Madam, aliniita ofisini, akasukuma kaunta buku jipya juu ya meza. "Mwandiko wako unasomeka," alisema. "Na sijasikia bado ukimsengenya mtu." Nilitoka pale nikijiona mkubwa.

Kazi ya paa ilifanywa na Fundi Pravin, mzaliwa wa mitaa ileile, mtu mwembamba aliyevaa kofia ya pama na kutembea na penseli mbili, moja kila sikio. Vioo vya hita vilipandishwa kwa kamba kupitia nje, huku wasichana wakijazana madirishani kushangilia na Madam akiwafukuza kwa rula. Bi Mwanaidi alitoka jikoni, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akatazama juu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye macho yasiyokosa kitu, na alikuwa amepika pale tangu Madam mwenyewe hajaajiriwa.

"Fundi," aliita, "jua lenyewe ni hilihili linalokausha kanga zangu, au umeleta lingine?"

"Hilihili, Bi Mwanaidi. Mimi nalifungia kwenye tangi tu."

"Siku likikuponyoka utuambie, tukimbie."

Sikitu, msaidizi wake, msichana mkubwa wa miaka ishirini hivi, alicheka mpaka akaweka sinia chini. Kwa wiki mbili za kwanza tulicheka sote. Maji yalishuka jikoni yakitoa mvuke, uji ulikuwa tayari kabla kengele haijagongwa, magunia ya mkaa yalikaa yamefungwa. Niliandika kwa wino wa bluu, nikapiga mistari kwa rula, na kila Ijumaa Madam aliweka sahihi chini ya ukurasa. Kisha, wiki ya tatu, nikashuka asubuhi nikakuta tangi lililolala likiwa na joto la kuunguza mkono limeamka vuguvugu, na mita imekimbia. Kati ya jioni na asubuhi zaidi ya nusu ya tangi ilikuwa imetoka, na tangi likajazwa maji ya baridi mahali pake. Kesho yake hivyo hivyo. Mkaa ukafunguliwa tena. Mita ilikuwa moja tu, chini ya ngazi, kabla bomba halijagawanyika kwenda jikoni na kwenda kwenye bafu za bweni, kwa hiyo iliniambia kiasi kilichotoka na haikuniambia kimetokea wapi. Ningeweza kusema hivyo wakati ule. Sikusema.

Nikifikiria sasa, naona jinsi jengo zima lilivyobadilika kwa sababu ya daftari moja. Madam alianza kumshuku Fundi Pravin kwamba ametuwekea tangi bovu, akawa anapanda paani na viatu vyake vya kisigino kugonga mabati. Fundi Pravin alishuku jiko. Matroni alishuku walimu wanaoishi karibu na kuja na chupa za chai. Bi Mwanaidi alilishuku daftari lenyewe, na kila nilipopita nalo kwapani alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri nipite, akaendelea. Mimi nilishuku kila mtu kwa zamu, kwa utaratibu, mpaka nikabaki na mmoja. Asubuhi moja nikiwa nimeinama kwenye mita chini ya ngazi, niliisikia sauti ya Bi Mwanaidi upande wa pili wa ukuta. "Weka kifuniko yasipoe. Napeleka mwenyewe, kabla mwenye daftari hajashuka." Nilikuwa nimeshashuka. Nilisimama palepale, na kupitia upenyo wa mlango nikamwona akitoka kwenda kichochoroni na ndoo ya bluu yenye kifuniko, kanga imetandazwa juu yake kama mtu aliyebeba mtoto. Hakugeuka. Kwenye mdomo wa kichochoro kulikuwa na mama lishe ambaye chai yake siku zote iliwahi kuliko ya mtu mwingine pale mtaani, na mimi nikaunganisha ndoo na birika bila kuona moja likimiminwa kwenye jingine. Nilimwona tena baada ya majuma mawili, ndoo ileile, saa ileile. Nikaandika mara zote mbili, na tarehe.

Kabla sijakwenda kwa Madam nilimwonyesha Fundi Pravin. Alikuwa bwaloni anakunywa chai ya tangawizi kwenye sahani, kama ilivyokuwa desturi yake, akipuliza. Alisoma mistari yangu, akachomoa penseli ya sikio la kulia. "Mwalimu Tausi, wewe unafundisha hesabu?"

"Fizikia."

"Afadhali. Ndoo hii lita ngapi? Ishirini. Tangi limepoteza ngapi? Mia nne na zaidi. Huyu mama ana mikono mingapi?"

"Mimi nimemwona mara mbili. Sijui ambazo sijaziona."

"Sasa ndoo ishirini apeleke asubuhi moja, na uji apike saa ngapi?"

Lilikuwa swali zuri, na lilistahili kujibiwa na mwalimu wa fizikia. Lakini nilimtazama nikafikiri: huyu anatetea jiko ili tusilitazame tangi lake, au wanakula pamoja. Nikafunga daftari. Uchu wa kuwa sahihi ni kitu kibaya kwa kijana. Siku hiyohiyo, saa nane, nilipanda ofisini kwa Madam nikasoma kurasa zangu kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Bi Mwanaidi aliitwa. Alikuja na harufu ya nazi, mikono bado imelowa, Sikitu nyuma yake. Ofisi ilikuwa na feni iliyogonga kila ikizunguka, na picha za wahitimu ukutani, wengi wao wakiwa wamekula kwa mkono wake. Madam alimpa kiti, hakuketi.

"Bi Mwanaidi, kuna ndoo inatoka asubuhi kwa mlango wa nyuma."

"Ipo."

"Ina maji ya moto ya shule."

"Ina maji."

"Inakwenda wapi?"

Alinitazama mimi, si Madam. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayenipima urefu. "Mwulize aliyeandika," alisema. "Kama ameiona ikitoka, hakuiona inakotua?"

"Dada yangu," Madam alisema, akilegeza sauti, kwa kuwa walijuana miaka mingi, "nisaidie nikusaidie. Wafadhili wanakuja mwezi ujao. Jiko jipya ni lako wewe, silo la mwingine. Niambie tu ni nani unayempa, yaishe."

"Nikikwambia hayataisha. Yataanza."

"Sikitu, wewe unajua?"

"Sikitu hajui kitu, mwacheni," Bi Mwanaidi alisema kwa haraka kidogo kuliko ilivyohitajika, na mimi nikaiandika haraka hiyo kichwani. Sikitu alitazama vidole vyake vya miguu. Feni iligonga. Madam akasema asichotaka kusema, kwamba basi, kazi yake imeishia hapo. Bi Mwanaidi alifungua aproni yake palepale, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta buku langu.

Wiki ile jikoni alipika Sikitu, na maharage yakawa na mawe. Nilishuka kila asubuhi nikitarajia kukuta tangi limelala moto na kuamka moto. Liliamka vuguvugu. Mita ilikuwa imekimbia kama kawaida. Siku ya kwanza nilisema labda bado kuna mwenzake. Ya pili vilevile. Ya tano nikawa naona aibu kuandika. Jioni ya siku hiyo sikwenda nyumbani baada ya kusoma mita. Nilipanda bwenini, mahali ambapo sikuwahi kuwa na sababu ya kwenda, na kabla sijafika ngazi ya mwisho nikasikia maji. Bafu zote sita zilikuwa wazi, na wasichana walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na dumu lake, wakicheka, wakisukumana, mvuke umejaa mpaka dari. Chini ya kila kitanda kulikuwa na dumu, chini ya vingine mawili. Mengine yalikuwa ya juzi. Niligusa moja, lilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunakinga, Mwalimu," alisema Zuhura, kiongozi wao, kwa heshima kabisa.

"Hayo ni ya moto!"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ndiyo yanayotoka. Bomba la baridi ni mpaka zamu ya mtaa, hili halikatiki. Tukasema tujaze, lisije nalo likakatika."

"Kwa hiyo asubuhi mnaoga maji gani?"

Walitazamana. "Ya baridi, Mwalimu. Yanakuwa yameshapoa."

Mmoja akacheka nyuma, wenzake wakamkanyaga. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua vizuri walichokuwa wakifanya. Chumbani kwangu, nyumba ya kupanga Msimbazi, nilikuwa na pipa moja, madumu manne na beseni, na sijawahi katika maisha yangu kusikia bomba likikoroma nikaacha kuinuka. Nani katika mji huu, maji yakitoka, anauliza kwanza kama ni ya moto au ya baridi? Unakinga. Fundi Pravin alikuwa amehakikisha tangi la jua linajazwa kabla ya mengine yote, ili vioo visikauke vikapasuka, na kwa wema huo akawapa wasichana themanini bomba pekee katika Mchafukoge lisilojua mgao. Hakuna aliyewaambia kwamba moto hauwekwi akiba kwenye dumu. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha sura ya upotevu wa joto ubaoni, ghorofa moja chini yao, sikuwaambia.

Madam alinisikiliza akiwa amesimama dirishani. Aliagiza bomba la moto la bweni lifungwe jioni na kufunguliwa asubuhi tu, nikishasoma mita, na joto likapanda siku ileile. Nilipomwambia tumrudishe Bi Mwanaidi, alifunga dirisha kwanza. "Madumu yameeleza maji," alisema. "Hayajaeleza ndoo. Akija aniambie ndoo, kesho anapika." Kwa hiyo nikaenda Mchikichini, Jumamosi, kumtafuta. Alikuwa amepata sehemu ya kuuza nguo za watoto za mitumba, amezipanga kwa umri vizuri kuliko dukani, na alinikaribisha juu ya furushi, akaagiza kahawa na kashata.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Umekuja na daftari?"

"Sikuja nalo." Nikamweleza madumu, Zuhura, na alivyosema Madam. Alisikiliza akikunja gauni dogo la njano, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sasa hapa umekuja kuniomba radhi, au umekuja kuuliza ndoo?"

"Yote mawili, Bi Mwanaidi."

"Hapana, mwanangu. Chagua moja."

Kahawa ilikuwa chungu na ya moto sana. Nilichagua radhi. Alinipa, hapohapo, kwa maneno machache, akanishika na mkono, na nilijua kwamba kwa kuipokea nimeufunga mlango mwingine kwa maisha yangu yote. Hata hivyo, ninapaswa kusema ukweli: wakati mkono wake uko juu ya wangu, macho yangu yalikuwa yakitafuta ndoo ya bluu kati ya mafurushi.

Wafadhili walikuja, wakafurahi, jiko jipya likajengwa bila kusubiri mwaka uishe, na Sikitu akawa mpishi wake. Niliendelea kupima mpaka mwaka utimie. Bweni likifungwa jioni, mita haikuwa na sababu ya kusogea, na haikusogea, isipokuwa asubuhi za Ijumaa. Kila Ijumaa ziliondoka lita ishirini. Nilirudi nyuma kwenye tarehe mbili nilizomwona Bi Mwanaidi na ndoo: Ijumaa zote mbili. Sikuhitaji penseli ya Fundi Pravin kujua kwamba Sikitu ameirithi. Safari hii sikupanda ofisini. Niliandika tu, "Ijumaa, ishirini", na Madam akaweka sahihi bila kuuliza, na kila mara nilipopita jikoni Sikitu naye alinyamaza katikati ya sentensi. Baada ya miezi minne lita ishirini zikaacha kuondoka. Nikashusha pumzi.

Jana, baada ya mazishi, nilimkuta Sikitu uani anasugua masufuria ya pilau. Ana wajukuu sasa. Niliinama nikamsaidia, kisha nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimekatazwa kumwuliza marehemu. Hakushtuka.

"Mwalimu Tausi, wewe! Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Ukiniuliza nani, sijui, wallahi. Bi Mwanaidi alinikabidhi mahali, mtu hakunitajia. Alisema anayepelekewa hataki kujulikana. Unavuka kichochoro, unaingia ile ngazi ya nyumba ya ng'ambo, unaweka kwenye kona ya pili, unaondoka. Ukirudi saa nne unaikuta tupu, imefutwa kavu, kifuniko kimegeuzwa. Siku zote kimegeuzwa. Halafu Ijumaa moja nikaikuta imejaa, imepoa. Nikajua labda kasafiri. Ijumaa ya pili imejaa vilevile. Nikaja huku kumwambia Bi Mwanaidi. Akasema, 'Basi, usipeleke tena.' Akajifunika kanga, akafunga biashara mapema siku ile. Sikumwuliza."

Nyumba ile ya ng'ambo ilibomolewa zamani. Pamejengwa ghorofa refu la maduka, na ngazi haipo. Niliporudi nyumbani nililitoa kaunta buku kabatini. Sikitu hakumbuki tarehe, lakini mimi ninayo. Ijumaa mbili za mwisho lita ishirini zilitoka kama kawaida, na hazikumfikia mtu. Ijumaa iliyofuata mita haikusogea. Mbele yake, kwa wino wa bluu na mstari uliopigwa kwa rula, niliandika siku ile kwa mkono wangu: Hakuna kilichopotea.